Biashara za Isiolo na bili ya seva za mbali

Ukitembea kutoka soko la Isiolo hadi Bulla Pesa utapita duka la jumla, famasi, zahanati ya kibinafsi, ofisi ya chama cha akiba na mikopo, shule na hoteli ya wasafiri wanaokwenda Moyale. Karibu kila mahali pana kompyuta au simu kwenye kaunta, na kazi inayoonekana hapo inafanyika kwenye seva iliyo mbali kabisa na mji huu. Rekodi za mauzo ziko huko. Majina ya wagonjwa, karo za wanafunzi, barua pepe za ofisi na picha za kamera za usalama, vyote viko huko. Kila mwezi kadi ya benki ya mwenye biashara inakatwa, au anatuma pesa kwa M-Pesa. Ukimuuliza ni ngapi, atakupa makadirio. Ukimuuliza ni za nini hasa, atakuelekeza kwa fundi wake.

Hali hiyo inasikitisha kwa sababu Isiolo ni mji wa watu wanaojua hesabu. Tazama biashara ya maziwa ya ngamia. Akina mama wa ushirika wa Anolei hupokea maziwa kutoka kwa wafugaji wa mbali, huyapima, huyaonja kujua kama yameanza kuchacha, huyapooza, kisha huyapakia kwenye basi la kwenda Eastleigh, Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 285. Mtungi ukiharibika njiani, ni lazima ijulikane umeharibikia wapi na hasara ni ya nani. Mchuuzi wa mbuzi naye anajua gharama ya kila kichwa kutoka Merti hadi mnadani, pamoja na maji na mlinzi wa usiku. Watu hawahawa, ikija bili ya kompyuta, hulipa bila kuuliza. Gigabaiti hazinuki zikioza, ndiyo maana hakuna anayezishtukia.

Tuseme wazi tunazungumzia nini. Huduma za wingu ni kukodi kompyuta, hifadhi na programu za kampuni nyingine kupitia intaneti, badala ya kununua mashine yako na kuiweka ofisini. Amazon ilianza kukodisha hifadhi kwa njia hiyo Machi 2006, na miezi mitano baadaye ikaanza kukodisha kompyuta zenyewe kwa saa. Barani Afrika vituo vikubwa vilichelewa kufika: Microsoft ilifungua vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town Aprili 2020, na Google Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Mapema mwaka 2020 Safaricom ilitia saini mkataba wa kuuza huduma za Amazon katika eneo letu. Kwa hiyo duka la Isiolo linalotumia programu ya mauzo iliyotengenezwa Nairobi huenda, bila mwenyewe kujua, linaandika kila risiti Cape Town, zaidi ya kilomita 4,000 kusini, au Ireland, au Virginia kule Marekani.

Umbali si kosa. Kinachowaponza wengi ni namna bili inavyohesabiwa. Lori la kukodi, ukilichukua kwa siku, mwenyewe atadai pesa zake hata kama limelala uwanjani bila mbuzi hata mmoja. Seva ya kukodi ni hivyohivyo. Inatozwa kwa saa ilizowaka, si kwa kazi iliyofanya. Diski inatozwa kwa ukubwa uliouomba, si kwa nafasi uliyoitumia. Ukizima mashine, diski yake inaendelea kulipiwa. Ukiifuta mashine, nakala zake za akiba zinaweza kubaki zikila pesa kwa miaka. Hata anwani ya IP, ile namba inayowezesha seva kupatikana kwenye intaneti, Amazon ilianza kuitoza nusu senti ya dola kwa saa kuanzia Februari 2024. Mwenye anwani tano ambazo hazihitaji anaendelea kuzilipia.

Tuikunjue bili moja mezani. Nimechagua bei za mfano zilizo karibu na zile zinazotozwa na kampuni kubwa, ili hesabu ionekane. Duka la jumla lina mashine moja ya senti 5 kwa saa. Mwezi una takriban saa 730, kwa hiyo ni dola 36.50. Diski ya gigabaiti 100 kwa senti 10 kila gigabaiti ni dola 10. Anwani ya IP ni dola 3.65. Fundi aliweka nakala ya akiba ichukuliwe kila usiku, jambo zuri, lakini hakuweka kanuni ya kufuta za zamani, na sasa zimefika gigabaiti 300. Kwa senti 5 hiyo ni dola 15. Halafu kuna data inayotoka nje ya seva. Amazon hutoa gigabaiti 100 za kwanza bure kila mwezi, baada ya hapo ukiwa Cape Town unalipa takriban senti 15 kwa gigabaiti, ilhali Virginia ni senti 9. Duka hili linatoa gigabaiti 160 kwa mwezi kwa sababu picha za bidhaa hazikupunguzwa ukubwa, basi ongeza dola 9. Jumla ni dola 74.15. Weka ushuru wa VAT wa asilimia 16 na unafika dola 86. Dola ikiwa Sh130, hiyo ni karibu Sh11,200 kwa mwezi.

Sasa tukae na fundi. Duka linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku. Ni saa 14 kwa siku, saa 420 kwa mwezi. Mashine inaweza kupangiwa ijizime yenyewe duka likifungwa, nakala ya jioni ikiwa imeshachukuliwa, na kuwaka likifunguliwa. Ukitazama mchoro wa matumizi, ambao kila kampuni huuonyesha bila malipo, unakuta kichakataji chake hakipiti sehemu ya kumi ya uwezo wake hata Jumamosi duka likijaa. Basi ihamishiwe kwenye mashine ya nusu ukubwa. Kutoka dola 36.50 tumefika dola 10.50. Nakala za akiba zibaki za siku saba za mwisho na moja ya kila mwezi, gigabaiti 80 hivi, dola 4. Picha za bidhaa zikipunguzwa, data inayotoka inarudi ndani ya zile gigabaiti za bure. Jumla mpya ni dola 28.15, na VAT inafanya dola 32.65, yaani takriban Sh4,250. Hakuna mteja aliyepoteza chochote, na hakuna karani aliyebadilisha namna anavyofanya kazi. Tofauti ya karibu Sh7,000 kila mwezi inatosha kulipa sehemu nzuri ya mshahara wa kijana wa kupanga bidhaa.

Anayetaka kujua ukubwa wa tatizo hili duniani atazame ripoti ya kila mwaka ya kampuni ya Flexera, inayohoji wakubwa wa teknolojia wa makampuni. Mwaka baada ya mwaka wahojiwa wenyewe hukadiria kuwa zaidi ya robo ya pesa wanazotumia kwenye huduma za wingu hupotea bure. Hayo ni makampuni yenye wahasibu na wahandisi wa kulinda bili hiyo tu. Wahandisi hao wa bili wana hata taasisi yao, FinOps Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2019. Duka la Isiolo halina mhandisi wa bili. Lina fundi mmoja anayehudumia maduka kumi, na ambaye akipigiwa simu yuko Meru.

Eneo ambalo ningependa kila mwenye biashara alitazame kwanza ni kamera za usalama. Katika mji wa mpito kama huu, ambako mabasi na malori ya Moyale hupita mchana na usiku, kamera ni kitu cha lazima, na wauzaji wamekuja na mpango wa kuhifadhi picha kwenye wingu kwa malipo ya kila mwezi. Fanya hesabu hii polepole. Kamera moja ya kawaida inayorekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutoa gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne kwa mwezi zinatoa karibu gigabaiti 2,600. Kwa senti mbili na nusu kwa gigabaiti, kuhifadhi mzigo huo kwa mwezi ni dola 65 hivi, karibu Sh8,400. Kama hakuna anayefuta, mwisho wa mwezi wa pili unalipia mzigo wa miezi miwili, mwisho wa wa tatu unalipia wa mitatu. Kufikia mwisho wa mwezi wa kumi na mbili mzigo huo unagharimu zaidi ya dola 770 kwa mwezi, zaidi ya Sh100,000, na picha za mwezi wa kwanza hazijaangaliwa na mtu hata mara moja. Juu ya hayo, kamera nne zinakula megabiti 8 za kupandisha data kila sekunde, usiku na mchana, kisha mwenye duka analalamika kuwa intaneti inachelewesha malipo kwenye kaunta.

Dawa yake ni rahisi. Kisanduku cha kurekodi kilichofungiwa kwenye kabati la dukani, chenye diski ya terabaiti 4, kinahifadhi kamera hizo nne kwa siku 46 kisha kinaandika juu ya picha za zamani. Kinanunuliwa mara moja. Kwenye wingu zitumwe sekunde chache tu pale kamera inapoona mtu baada ya saa za kufunga, ili mwizi akibeba kisanduku, sura yake iwe imeshafika mbali. Na kanuni ya kufuta baada ya siku 30 iwekwe siku ileile akaunti inapofunguliwa, si siku bili itakapotisha.

Kufuta si suala la pesa peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu asizihifadhi kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Zahanati inayoweka picha za vitambulisho vya wagonjwa wa miaka mingi kwenye folda wazi inalipia mzigo unaoweza kuifikisha mbele ya Kamishna wa Data. Kwa upande mwingine, sheria ya taratibu za kodi inadai kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano. Hizo zisifutwe, ila zihamishiwe kwenye hifadhi ya bei ya chini. Kila kampuni kubwa ina hifadhi ya vitu visivyoguswa mara kwa mara. Ile ya chini kabisa ya Amazon huko Marekani ni takriban senti moja kwa gigabaiti kumi kwa mwezi, ilhali ya kawaida ni zaidi ya senti 2 kwa gigabaiti moja. Ukihitaji kusoma faili iliyolala huko utasubiri saa kadhaa na kulipa kidogo. Kwa risiti za mwaka juzi, nani ana haraka?

Kuna jambo ambalo fundi hawezi kulitengeneza, nalo ni dola. Januari 2022 dola moja ilikuwa takriban Sh113. Januari 2024 ilifika Sh160 na kuipita kidogo, kisha ikashuka, na kufikia katikati ya mwaka huo ikawa karibu Sh129. Aliyekuwa akitumia dola 100 kwa mwezi aliona bili yake ikipanda kutoka Sh11,300 hadi Sh16,000 bila kuongeza hata faili moja. Mfanyabiashara wa Isiolo anauza kwa shilingi, na wateja wake wanapata pesa zao kutoka kwa mifugo. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mifugo ilikufa, iliyosalia ikauzwa kwa bei ya kutupa, na maduka ya mji huu yakakosa wanunuzi. Bili za dola hazikungoja mvua.

Kwa sababu hiyo nina tahadhari na ushauri mmoja unaosifiwa sana. Kampuni hizi hutoa punguzo kubwa, Amazon yenyewe hutangaza hadi asilimia 72, kwa mteja anayeahidi kutumia kiasi fulani kwa mwaka mmoja au mitatu. Kwa kampuni yenye mapato yanayotabirika ni mpango mzuri. Kwa biashara inayopanda na kushuka na mvua ni kitanzi. Tena, anayetia saini kabla ya kusafisha anajifunga kulipia taka zake kwa miaka mitatu kwa bei ya punguzo. Safisha kwanza, subiri miezi kadhaa uone matumizi halisi, kisha uahidi kile kiwango cha chini kabisa ambacho hujawahi kushuka chini yake.

Deni la wingu lina meno, na Kenya imeyaona. Mwaka 2023 Incentro Africa, kampuni inayouza huduma za wingu za Google, ilitaka Twiga Foods ifilisiwe kwa madai ya deni la zaidi ya dola 260,000 la huduma hizo. Twiga, iliyoanzishwa mwaka 2014 kuunganisha wakulima na maduka ya rejareja, ilikuwa miongoni mwa kampuni changa zilizovutia mitaji mikubwa zaidi nchini. Ilipinga madai hayo na kwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuzuia hatua hiyo. Simtetei wala kumlaumu yeyote katika shauri hilo. Ninachoona ni kwamba bili ya seva, kitu ambacho wengi hukiweka fungu moja na umeme na maji, inaweza kukua hadi ikawa hoja ya kuifunga kampuni. Anayeuza maharagwe na anayeuza teknolojia wote wanapaswa kusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho, hasa kifungu kinachosema utalipa kiasi gani hata kama hukutumia.

Isiolo wengi hawakodi mashine moja kwa moja. Wanalipia programu kwa idadi ya watumiaji: barua pepe za ofisi, mfumo wa shule, mfumo wa zahanati, programu ya mauzo. Hapa pesa zinavuja kupitia majina. Karani aliacha kazi Machi, akaunti yake bado inalipiwa Septemba. Mkurugenzi ana akaunti mbili. Akaunti ya stoo ilifunguliwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa. Chukua orodha ya mishahara na orodha ya akaunti, uziweke kando kwa kando, na kila jina lisilo kwenye orodha zote mbili liulizwe. Ni kazi ya nusu saa, tena ina faida ya usalama, kwa kuwa mtu aliyeondoka kwa hasira na nenosiri mkononi ni hatari kuliko bili yenyewe.

Na kuna vitu ambavyo mji huu unalipia ilhali ungeweza kuvipata bure. Isiolo ina mashirika mengi yasiyo ya faida, ya maji, ya amani, ya wanyamapori, ya wanawake. Google hutoa barua pepe na hifadhi ya ofisi bila malipo kwa mashirika yaliyosajiliwa na kuthibitishwa, na Microsoft ina mpango kama huo wa toleo lake la msingi. Shule nazo zina toleo lao la bure. Mwenye duka dogo anayeambiwa kuwa ni lazima alipie programu ya kila mwezi ili atoe ankara za kielektroniki za eTIMS ajue kwamba Mamlaka ya Mapato, KRA, yenyewe ina njia zisizo na ada, mojawapo ikiwa kupitia simu ya kawaida kwa kubonyeza *222#. Programu ya kulipia ina manufaa yake kwa mwenye bidhaa nyingi, lakini anayeuza mikate na maziwa hatakiwi kuuziwa mfumo wa supamaketi.

Niliyoeleza hapo juu yote hayatafaa kitu kama akaunti si yako. Katika miji midogo ni desturi fundi kufungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kadi yake, kisha kumtoza mteja jumla moja kila mwezi. Mafundi wengi ni waaminifu na hufanya hivyo kwa sababu mteja hana kadi ya benki. Lakini mkikosana, au akihama, au akifariki, Mungu apishe mbali, rekodi za biashara yako zinakwenda naye. Na ukiwa unaona jumla tu, huwezi kujua umelipia nini. Akaunti kuu iwe kwa barua pepe ya biashara, nenosiri lake likae na mwenye mali, na ulinzi wa hatua mbili uwekwe kwenye simu yake. Fundi apewe ufunguo wake mwenyewe, wenye mipaka. Wezi wa mtandao hutafuta funguo zilizoachwa wazi na kuzitumia kuwasha mamia ya mashine za kuchimba sarafu za kidijitali kwa jina lako. Siku chache tu zinatosha kuleta bili ya maelfu ya dola.

Hapo pia pawekwe kikomo cha bajeti, ili ujumbe ukufikie matumizi yakifika nusu ya kiasi ulichopanga, kisha yakifika robo tatu. Elewa tu kwamba kwa kawaida ujumbe huo hauzimi chochote. Unakuarifu, na mashine zinaendelea kuhesabu hadi mtu azizime kwa mkono au kwa kanuni aliyoiweka mapema. Ujumbe huo utumwe kwa simu ya mtu anayesoma ujumbe.

Kuna wanaouliza kama haifai kuachana na wingu na kurudi kwenye mashine ya ofisini. Kampuni ya Marekani ya 37signals ilifanya hivyo. Mwaka 2022 ililipa dola milioni 3.2 kwa huduma za wingu, ikatangaza Oktoba mwaka huo kuwa inaondoka, ikanunua seva zake na tangu hapo imeeleza hadharani kwamba imeokoa mamilioni. Hata M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilikuwa ikiendeshwa kutoka seva zilizoko Ujerumani hadi mwaka 2015, Safaricom ilipozihamishia Kenya na kupunguza safari ya kila muamala. Hiyo ni mifano ya kampuni zenye wahandisi wa kulala karibu na mashine. Isiolo kuna joto, vumbi, na umeme unaopotea bila taarifa. Seva ya ofisini inataka betri, feni, kabati lililofungwa na mtu wa kubadilisha diski usiku. Kwa maduka mengi haitoki nafuu.

Kinachofaa hapa, kwa maoni yangu, ni mchanganyiko. Kompyuta ya dukani iendeshe mauzo ya mchana, na wingu lihifadhi nakala za usiku. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na programu inayofanya kazi bila mtandao aliendelea kuuza. Programu ya namna hiyo pia hupitisha data kidogo, na data kidogo ni bili ndogo. Unaponunua mfumo, kabla ya kuuliza rangi na ripoti, uliza utafanya nini intaneti ikikatika saa sita mchana.

Mei hiyohiyo ya 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, pamoja na kituo cha data cha kutumia mvuke wa Olkaria. Ilikuwa habari njema kwa kasi na kwa sheria za data, lakini mwenye duka asingoje Olkaria. Seva ikiwa Naivasha au Cape Town, mashine iliyosahauliwa ikiwaka itatozwa vilevile. Kwa sasa zipo kampuni za Nairobi zinazokodisha seva kwa bei moja isiyobadilika kwa mwezi, kwa shilingi, zinazolipwa kwa M-Pesa. Hazina maelfu ya huduma kama zile kubwa, na duka, shule au zahanati haihitaji maelfu ya huduma. Bei inayojulikana kabla ya mwezi kuanza ina thamani kubwa kwa anayeishi kwa mauzo ya siku.

Na hapa ndipo Isiolo ingeweza kuonyesha njia. Akina mama wa maziwa hawapeleki mitungi Eastleigh kila mmoja peke yake. Waliunda ushirika, wakapooza pamoja na kusafirisha pamoja. Zahanati tano za mji huu zinaweza kununua mfumo mmoja, zikagawana gharama ya seva na fundi, huku data ya kila moja ikifungiwa peke yake. Shule za kibinafsi vivyo hivyo. Chama cha wafanyabiashara cha kaunti kinaweza kuwaita wauzaji wa mifumo hii meza moja na kuwadai bei kwa shilingi, ankara yenye kila kipengele, na haki ya kuondoka na data zako bila kutozwa. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zote zilitangaza kwamba zimeacha kutoza ada ya kutoa data kwa mteja anayehama kabisa. Muuzaji wa Nairobi naye anaweza kuombwa aandike hivyo kwenye mkataba.

Lakini kazi ya kwanza ni ya mwenye biashara mwenyewe, na haihitaji chama wala mkutano. Jumatatu mwite fundi wako. Mwombe ankara za miezi mitatu iliyopita zenye kila kipengele, mkae nazo pamoja, na kila mstari mwulize ni wa nini na ni nani anayeutumia. Ambao hana jibu lake, mchukue nakala ya data yake, muuzime wiki moja, na kama hakuna aliyelalamika, muufute kabla ya mwezi kuisha.